Filamu ya Ngazi, na Kipande Kilichokatwa

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, pindeni nayo tu, mtafika. Duniani hapa najua vizuri kitu kimoja, filamu za Kitaliano za miaka ya sitini. Si zile za farasi na bastola, hizo kila mtu anazijua. Nasema zile za mvua na wanawake, za watu wenye suti nzuri wanaouana polepole ndani ya nyumba nzuri.

Nilizijulia Tanga. Nilikuwa opereta wa sinema, yaani yule anayekaa na mashine kule juu nyuma ya watu. Mwenye sinema alikuwa Mhindi, Ismailia, na sisi wafanyakazi tulimwita tajiri, kama ilivyokuwa desturi kumwita mwajiri. Yeye aliniita fundi. Leo yeye anakaribia tisini na mimi nimegonga themanini, wote tuko Toronto, hana tena sinema wala mimi sina mashine, na bado mimi namwita tajiri na yeye ananiita fundi. Nimemfanyia jambo huyu mtu. Ndilo ninaloandika hapa, ila nitalifikia kwa njia yangu.

Opereta haangalii filamu kama nyinyi. Anaiangalia kupitia kidirisha kidogo kama cha kukatia tiketi, mgongo umelowa jasho, mashine inanguruma sikioni kama ya kusaga mahindi, na macho yake yako kwenye kona ya juu, kulia, anasubiri nukta, alama inayotokea pale mkanda ukikaribia kwisha. Nukta ya kwanza unawasha mashine ya pili. Nukta ya pili unabadilisha. Ukichelewa ukuta unabaki mweupe na watu wanapiga miluzi na kumtukana mama yako. Basi wale wanawake wote wazuri wa Kitaliano mimi niliwaona hivyo, jicho moja kwao, jicho moja kwenye nukta. Marehemu mke wangu alikuwa akisema hata yeye nilimwangalia hivyohivyo, kama mtu anayesubiri kubadilisha mkanda. Alisema kweli. Hakuwa mwanamke wa kutia chumvi.

Kwa nini nilizipenda? Binti yangu ameniuliza hivyo mara nyingi. Yeye anafanya kazi kwenye mabohari ya mizigo ya uwanja wa ndege, tunakaa Malton, ndege zinatupita juu ya paa mpaka vikombe vinacheza. Akirudi zamu ananikuta mbele ya televisheni. Anasema, "Baba, umri wako huu, unaangalia wanawake uchi." Namwambia, "Hawako uchi, wana glavu." Anakwenda jikoni anabamiza makabati.

Lakini ukweli nitauandika hapa maana hapa hakuna makabati. Nilizipenda kwanza kwa sababu ya uchi, nilikuwa na miaka ishirini na mbili, ningezipendea nini kingine. Wanaume wa mjini walikuja kwa sababu hiyohiyo, wengine wakipita mlango wa pembeni, na mmoja alikuwa mwalimu wa madrasa ambaye alikaa siti ya mwisho na kilemba amekitia mfukoni. Halafu uchi ukazoeleka, maana hata hivyo wakaguzi wa Dar es Salaam walikuwa wameshapitisha mkasi, ulichobakiziwa ni bega na mgongo. Kilichobaki baada ya uchi ndicho kilichonishika. Kwenye filamu ya Kihindi watu wanalia, wanaimba, mama anasamehe. Kwenye hizi hakuna anayesamehe. Mwanamke anashuka ngazi za mawe, viatu vinagonga, ukumbi mzima kimya kama wamekabwa, na unajua huko chini kuna kitu kibaya, na yeye anajua, na bado anashuka akivuta sigara. Kivuli cha vibao vya dirisha kinamkata uso vipande vipande. Simu inalia hakuna anayeipokea.

Na kamera yao haina huruma. Wengine, mtu akiuawa, wanamkimbilia muuaji. Mtaliano anabaki na maiti. Anaiangalia. Kiatu kimoja kimetoka, soksi ina tundu, kidole kinachungulia. Mwenye kiwanda kizima, amekufa na soksi imetoboka. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu kule juu, nikajisikia vizuri siku nzima. Sijui kama ni dhambi. Nilikuwa nimezungukwa na matajiri ambao hawajafa, nikapata wa kumwangalia aliyekufa.

Hiyo ya soksi ndiyo filamu yenyewe ninayotaka kuisema. Majina ya filamu sikuwa nayashika, nilizipa yangu, hii niliiita ya ngazi. Ilikuwa hivi. Mwenye kiwanda, mzee, katili, ana mke kijana. Mke ana wakili ambaye ni hawara yake. Mzee ana karani wa kike, mweupe, mkimya, nywele fupi, yuko kila mahali na daftari. Siku moja ya mvua tunamwona mtu kwa mgongo tu, koti la mvua na kofia, anapanda ngazi za jumba. Mzee anaanguka kutoka juu, shingo imevunjika, soksi ile. Halafu mke anaingia chumbani kwake, anakaa kitandani, anaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. Hapo picha inaruka kidogo, tak, asubuhi. Polisi wanamchukua wakili. Mke yuko ndani ya gari, miwani myeusi, anaangalia. Mwisho.

Niliionyesha wiki mbili, maonyesho mawili kila siku. Niliijua kama ninavyojua kujifunga kikoi. Wakili alimuua, mke akabaki na msiba wa wanaume wawili, na ile miwani ilificha machozi. Ningeapa juu ya msahafu.

Sasa tajiri. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kutiiwa, kutii hakumhusu. Mwaka huohuo wa filamu ya ngazi, siku moja nilikuwa na homa, nikaweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Kwenye filamu nyingine, ya Kitaliano pia, na nawaapia watazamaji hawakugundua, hizo filamu zina mchanganyiko wake. Tajiri aligundua. Hakunipiga. Filamu ilipokwisha alinishusha, akanisimamisha mlangoni, akaniamuru nimwombe radhi kila anayetoka, mmoja mmoja, mikono nimeikutanisha kifuani. "Samahani, nilikosea mkanda. Samahani, nilikosea mkanda." Yeye amesimama pembeni na shati jeupe, anatikisa kichwa kwa kila mmoja kama anayetoa sadaka. Katika waliotoka alikuwamo binti mmoja wa Ngamiani niliyekuwa namtaka, na kaka zake. Nikamwambia samahani, nilikosea mkanda. Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio. Huyo sikumpata.

Tajiri na watu wake waliondoka nchini mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati Wahindi wengi wanaondoka. Mimi niliendelea na mashine mpaka sinema ikawa ghala la saruji, nikafanya hiki na kile, nikazeeka, binti akanileta huku. Miaka sita iliyopita nimeinama ndani ya friza la duka la vyakula, natafuta muhogo wa kuganda usio na nyuzi, nikasikia nyuma yangu, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa, "Opereta, picha inaruka."

Nikageuka. Mzee wa Kihindi, sweta, mkongojo, shati jeupe.

"Tajiri," nikasema, na mikono, wallahi, ilitaka kukutana kifuani yenyewe.

Tangu siku ile nilikwenda kwake kila Jumatano mchana, Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na nne. Mabasi mawili na treni ya chini, saa moja na nusu, theluji ikianguka saa mbili. Mkewe alishakufa. Jamatkhana, nyumba yao ya ibada, haendi tena kwa sababu ya magoti. Alikuwa na mashine ya diski na kabati zima la filamu zetu zilezile, sasa zimesafishwa, zinang'aa kuliko zilivyong'aa siku zinazaliwa. Tulikaa kwenye kochi lililofunikwa plastiki, chai ya maziwa ya kopo, chevda, zile njugu na dengu za kukaanga, ndani ya bakuli, tukaangalia watu wakiuawa. Mimi bado nilikuwa natafuta nukta kwenye kona. Alinicheka. "Acha kona, mjinga. Mashine inabadilisha yenyewe. Angalia mwanamke."

Tulibishana sana. Yeye alipenda wanawake, mimi nilipenda ngazi na vivuli. Yeye alisema Mtaliano anatengeneza filamu kama anayetengeneza kiatu, mimi nikasema kama anayechinja. Alinitukana, nami nilikuwa nimefika umri wa kumtukana pia, na hilo lilinifurahisha kuliko filamu. "Tajiri, macho yako yamebaki kwa ajili ya kulilia vitunguu tu." "Na wewe ulikuwa na macho mazuri ukaweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu." Alikumbuka. Alilisema akicheka, akaokota chevda. Mimi nilicheka pia. Tumbo halikucheka.

Basi akaanza kusahau. Kwanza maneno, halafu dawa, halafu sufuria, aliweka maziwa kwenye jiko akaenda kulala, moshi mpaka majirani wakaita zimamoto. Mwanawe mkubwa, mwenye duka la dawa, mtu wa miaka sitini mwenye haraka, akaanza kusema habari za nyumba ya wazee. Iko mbali, kaskazini, nzuri kwa picha. Mara ya kwanza aliponiuliza mimi nilimtetea baba yake. Nilisema, "Mwanangu, sufuria kila mtu anaunguza. Muulize filamu. Hajasahau hata moja." Na hicho kikawa ndicho kipimo. Daktari alikuwa na vipimo vyake vya kumwambia mtu achore saa, lakini mwana alishika hicho changu, kwa sababu yeye amekulia ndani ya hizo filamu na aliamini kwamba baba akizipoteza hizo hajabaki baba. Alisema mbele yangu, "Okei, anko. Siku atakapochanganya filamu zake, tutajua." Kiswahili chake cha jikoni, lakini kinaeleweka.

Tajiri alimsikia. Mwanawe alipoondoka, tajiri akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, baridi na ngozi tupu.

"Fundi. Kule watanilaza na watu wasiojua hata chapati. Watanivalisha bibu kifuani kama mtoto. Wakikuuliza, sema niko sawa."

"Uko sawa, tajiri."

"Sikuulizi wewe kama niko sawa. Nakwambia useme."

Hata akiomba alikuwa anaamuru. Nikasema nitasema.

Ikafika Jumatano moja, mwezi wa pili, barafu kwenye vioo. Mwana alikuja na mkewe, wamebeba matunda, wakakaa kwenye viti vya meza ya kula kama watu wa baraza. Nikaona hapa kuna mtihani. Filamu ya ngazi ilikuwa haimo kwenye kabati, tuliitafuta miaka yote sita bila kuipata, kwa hiyo tulikuwa tunaisimulia tu kwa mdomo, vipande vya ngazi na soksi bila kufika kwa muuaji, na siku hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiisimulia walipoingia. Mwana akasema, "Endelea, Papa. Nani alimuua?"

Tajiri akajiweka sawa. Akasema, "Karani."

Nikasema, "Wakili, tajiri."

"Karani. Yule wa nywele fupi. Mke na karani walikuwa wamoja. Wako kitandani, wote wawili, hawana kitu. Karani anainuka, anachukua koti la mvua la wakili, analivaa juu ya mwili mtupu, anaweka kofia, anatembea chumba kizima hivi," na yeye mwenyewe, kwenye kochi, akatikisa mabega kama mwanamume anayetembea, "kumwonyesha mwenzake alivyopanda ngazi. Na mke anacheka mpaka anauma mto."

Mke wa mwanawe akaangalia machungwa. Mwana akawa mwekundu mpaka masikioni. Mzee wa karibu miaka tisini, mbele ya mkwe, wanawake wawili kitandani, mate kidogo kwenye kona ya mdomo na macho yanang'aa. Ilikuwa haipendezi kuona. Nakiri, mimi iliniburudisha kidogo.

Mwana akanigeukia. "Anko. Wewe ulikuwa unaonyesha. Ipo hiyo?"

Sasa nisikilizeni hapa. Ningeweza kusema filamu zilikuwa nyingi. Ningeweza kusema sikumbuki, mimi pia mzee. Ningeweza kusema ipo, ingenigharimu nini. Tajiri alikuwa ananiangalia, na usoni mwake hapakuwa na ombi, palikuwa na uhakika. Hakuwa na shaka kwamba nitasema alichosema niseme. Ule uhakika wake. Nilimwona amesimama pembeni ya mlango na shati jeupe.

"Hakuna kitu kama hicho," nikasema. Na nikaisema kwa upole, kwa huzuni, kama daktari. "Niliionyesha wiki mbili mwanangu. Mke anavua glavu, asubuhi inaingia. Wakili ndiye aliyemuua. Baba anachanganya na nyingine."

"Sichanganyi," tajiri akasema.

"Anachanganya," nikasema.

"Nitaiagiza. Nitaitafuta niiagize, utaiona kwa macho yako hayo ya mbuzi."

Mwana akasema, "Sawa Papa, sawa," kwa ile sauti ambayo watu wanamsemeshea paka. Mlangoni, navaa viatu, mwana alinishika bega. Akasema asante anko, nilihitaji mtu wa kusema kweli. Na mimi nilikuwa nimesema kweli, ndivyo nilivyojua. Ndani ya lifti niliona uso wangu kwenye kile chuma kinachong'aa. Nilikuwa natabasamu.

Wiki tatu baadaye walimhamisha. Nilikwenda kusaidia kufunga vitu. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu na koti amefungwa mpaka kidevuni. Aliwaambia wabebaji tu, mara mbili, wasilikunje zulia.

Mwezi mmoja kupita, mwana akanipigia. Nyumba ya ghorofani wanairudisha kwa mwenye jengo, kuna familia inasubiri, je nitapenda mashine ya diski na zile filamu, maana kule kwa baba hakuna nafasi na mkewe hazitaki nyumbani. Nikaenda na kitoroli cha sokoni. Juu ya kabati palikuwa na bahasha ya posta, haijafunguliwa, jina la tajiri. Mwana akasema, "Hii imekuja wiki iliyopita, kutoka Italia. Sijui ni nini, chukua tu."

Nilijua kabla sijaifungua. Picha ya juu ilikuwa ngazi.

Niliiangalia kesho yake asubuhi, binti yupo kazini. Sijawahi kuona filamu nzuri kiasi kile na sijawahi kuchukia kitu kiasi kile. Kwanza sauti. Kule Tanga mashine ilininyima sauti ndogondogo, sikuwahi kusikia zile hatua za mtu wa koti anapopanda. Ni hatua nyepesi. Viatu vina kisigino. Mtu yeyote aliyekaa siti ya chini angesikia, ila mimi tu, niliyeapa. Halafu mke anaingia, anakaa kitandani, glavu, kidole kimoja kimoja. Nikasubiri ile tak. Haikuja. Glavu ikatoka yote. Mkono wa pili ukaingia kwenye picha, mkono wa mwanamke mwingine, ukaishika ile glavu.

Wako kitandani, wote wawili. Mwanga unatoka kwenye vibao vya dirisha, umewachora mistari kama punda milia, na naapa ni kipande kilichopigwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kupitisha mbele ya taa. Karani anainuka. Koti liko kitini. Analivaa, miguu mitupu chini, kofia, anatembea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, mabega yanatikisika, vilevile alivyotikisa yule mzee kwenye kochi la plastiki, vilevile kabisa, na mke anacheka mpaka anauma mto.

Filamu nzima ilikuwa humo. Wakaguzi walipokata uchi walikata na muuaji. Na kwa nini tajiri alijua? Kwa sababu wenye sinema ndio waliokuwa wanakwenda Dar kukaa na wakaguzi, kuiangalia nzima kabla ya mkasi. Hilo nililijua siku zote. Mimi ndiye niliyempeleka stesheni na begi lake. Halikunijia akilini kwenye lile kochi, au nililizuia lisinijie.

Halafu mwisho, gari, miwani myeusi. Miaka yote hiyo nilisema inaficha machozi. Ukishajua, ukiangalia mdomo, mwanamke yule anajizuia kucheka.

Binti aliporudi alinikuta nimekaa, televisheni imezimwa. Akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Leo hata uchi hakuna?" Nikasema leo hakuna.

Jumatano nikaenda kaskazini. Mabasi matatu. Diski nimeitia mfuko wa ndani wa koti. Nilikuwa nimeshapanga maneno, nitamwambia tajiri, ulikuwa sawa, mimi ndiye nilikosea. Nitampigia mwanawe hapohapo. Nyumba ilikuwa imeshakwenda, sawa, lakini wangeweza kumchukua kwao, wana vyumba, na mwana si mtu asiye na haya. Hilo ndilo lililokuwa limebaki la kuokoa na lilikuwa mdomoni mwangu.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa pamoja, kati ya bibi mmoja anayelia bila machozi na televisheni inayoonyesha watu wanapika keki. Amepungua nusu. Alikuwa na bibu, ndiyo. Aliponiona uso ulifunguka, akanivuta sikio mpaka mdomoni mwake.

"Fundi. Nimekusubiri. Nimekaa hapa nimefikiri sana. Ulisema kweli."

"Tajiri, nisikilize."

"Nisikilize wewe. Ni wakili. Wakili alimuua. Mimi nilichanganya, sijui wale wanawake niliwatoa wapi, aibu mbele ya mkwe. Sasa nakumbuka vizuri. Mke anavua glavu, asubuhi inaingia. Eh? Si ndivyo?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko.

"Waambie," akasema. "Wewe wanakuamini. Waambie nimepona, nakumbuka, ni wakili. Wanirudishe ghorofani."

Nilimwangalia. Alikuwa amekwisha kuing'oa ile picha kichwani mwake kwa mikono yake mwenyewe, ile nzuri, ya kweli, na akapanda ya kwangu mahali pake, kwa sababu alidhani ndiyo tiketi. Kumwambia ni kumwambia alikuwa mzima siku ile wanamchukua, kwamba kichwa chake kilikuwa sawa na mdomo wangu ndio uliomfikisha kwenye bibu. Hiyo ni sababu nzuri ya kunyamaza na mtu angeweza kuiita huruma. Lakini nimesema nitaandika kweli. Niliogopa kwamba ataniangalia tena kama kule mlangoni, na kwamba safari hii nitastahili.

"Ndivyo, tajiri," nikasema. "Wakili."

Nilimpigia mwanawe, kwenye baraza ya nje, upepo unanikata masikio. Diski sikuitaja. Nilisema baba anakumbuka sasa, anaisimulia filamu sawasawa. Mwana akasema, "Nashukuru, anko, lakini kule kuna familia imeingia, watoto wanne. Na kwetu, mke wangu hawezi. Baba ametulia pale, siyo?"

Nikasema ametulia.

Naenda bado, kila Jumatano. Sijakosa. Diski nimeificha ndani ya mfuko wa mchele mtupu, nyuma ya viatu, na nimeiangalia mara tisa, kile kipande peke yake mara nyingi zaidi. Ni kizuri kila mara, hilo ndilo linaloniudhi. Na tajiri kila nikifika anataka nimsikilize, kama mtoto wa Kurani na sura yake. Jumatano hii aliifikisha mpaka mwisho bila kukwama.

"Wakili anapanda ngazi," akasema. "Koti la mvua, kofia. Mzee anaanguka. Polisi wanamkamata wakili. Kuna kosa?"

"Hakuna, tajiri."

"Sikiliza vizuri. Wakija wasije wakanishika kwenye kitu kidogo."

Nikafikiri. Nikamwambia koti hajalitaja rangi, lilikuwa la kijivu.

"La kijivu," akasema. Akafumba macho, akawa anahesabia kwenye vidole, wakili, ngazi, koti la kijivu, na mfanyakazi alipokuja na kijiko cha uji alimwonyesha mkono asubiri, mpaka amalize.